Dunia Ilishaisha Huku Kwetu Kamuli, na Bado Tunapika Ndizi

Leo naomba mniazime macho kidogo, maana kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu na nimeona bora nilitoe.

Kuna hizi picha zinazunguka sana mitandaoni siku hizi. Majengo yameota majani hadi juu. Roboti kubwa limekaa chini, limeliwa na kutu, ndege wamejenga kiota begani kwake. Pembeni dada mmoja kavaa kofia pana anamwagilia mboga, na juu ya nyumba yake kuna paneli za sola. Yaani dunia ilishaisha zamani, watu wamebaki wachache, ila wametulia tuliii. Mtindo huu unaitwa solapanki. Neno lenyewe lilianza kuzunguka mtandaoni mwaka 2008 hivi, lakini hisia zake ni za zamani zaidi. Kama umewahi kuangalia katuni ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1986, Castle in the Sky, utalikumbuka lile roboti lililobaki kwenye bustani baada ya watu wote kuondoka, lenyewe linaendelea kutunza maua na kuchunga viota vya ndege kana kwamba bosi atarudi kesho.

Sasa chini ya hizo picha utakuta watu wanalia: "Jamani nihamishieni huku." "Maisha ndo haya." "Mwisho wa siku asili imeshinda."

Mimi nikisoma nacheka kidogo, halafu nanyamaza. Kwa sababu kwetu ni Kamuli, na kiukweli nyumbani kwa bibi yangu panafanana na hizo picha kuliko watu wanavyodhani. Tofauti ni kwamba sisi tunajua dunia iliishaje, tunajua iliondoka na nani, na zile mashine zilizobaki tunazijua kwa majina ya wenyewe.

Kwa wasiopajua, Kamuli iko Kagera, kule kwenye kona ya juu kabisa ya ramani ya Tanzania, upande wa kushoto. Zamani yote ilikuwa wilaya ya Karagwe, halafu mwaka 2012 tukakatwa tukawa wilaya ya Kyerwa. Ukitoka Bukoba unapita Kyaka, unapandisha mpaka Omurushaka, unaacha njia ya Kayanga, unashika ya Nkwenda. Ukivuka mto Kagera mbele huko uko Uganda. Ukiufuata mto upande mwingine, ng'ambo ni Rwanda. Vilima, migomba, kahawa, ukungu wa asubuhi. Na tafadhali, sisi ni Wanyambo. Msituchanganye na Wahaya, ingawa tukiongea tunaelewana na vijembe tunatupiana.

Haya, turudi kwenye mwisho wa dunia.

Watu wengi wakisikia maneno hayo wanafikiria siku moja, mlipuko mmoja, basi. Kwetu mwisho wa dunia umekuja kwa awamu, kama mgao wa umeme. Miaka ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe, na kwa watu ambao utajiri, mahari na heshima vyote vilihesabiwa kwa ng'ombe, hiyo ilikuwa ni dunia kuisha. Lakini hiyo bibi yangu mwenyewe aliisikia tu kwa wakubwa zake. Ya kwake aliyoiona kwa macho ilianza mwaka 1978.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo la kaskazini ya mto sasa ni la Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kuvushwa mpaka. Sisi tuko upande wetu wa mto, lakini mpaka ni mpaka, na bibi anasimulia kwamba kuna wiki walilala kwenye migomba na watoto, wanaogopa hata kuwasha moto wa kupikia. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Watu wakarudi majumbani, wakakuta mlango upo na vitu havipo.

Basi unafikiri ndo imeisha. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kugundulika nchini walipatikana hapa hapa Kagera. Kabla watu hawajajua jina la kitaalamu, mtaani waliuita Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kinaletwa kwa magendo kutoka Uganda. Vijana walikuwa wanakipenda balaa. Halafu wale wale waliokuwa wanakivaa wakaanza kukonda. Wadau, huu ndo mwisho wa dunia ambao hamna msanii anayeuchora. Haukuvunja nyumba hata moja. Nyumba zilibaki zimesimama, na kahawa ikaiva shambani bila mtu wa kuichuma.

Mwaka 1985, Oktoba, bei ya bati ikaporomoka duniani. Simaanishi bati la kuezekea, namaanisha madini ya bati. Milima ya Kyerwa inayo, na yamechimbwa tangu enzi za mkoloni. Machimbo yakalegea, wenye kampuni wakaondoka, yakabaki mashimo na vyuma. Halafu 1994 wakimbizi kutoka Rwanda wakaingia kwa mamia ya maelfu, Ngara na Karagwe. Watu wamekimbia mwisho wa dunia wao wakaja kuufikishia kwetu, na hamna wa kumlaumu, maana mtu lazima apike, na kupika ni kuni, na kuni ni miti. Wengi walirudishwa Desemba 1996. Vilima vilikuwa vimenyolewa kipara.

Sasa mtu akiniambia "natamani kuishi baada ya mwisho wa dunia," mimi namuuliza, baada ya upi?

Tuje kwenye mashine zenyewe, maana najua ndo mnachokisubiri.

Kule kwenye vilima vya bati mashimo ya zamani yameota nyasi, mvua ikinyesha yanakuwa madimbwi, mbuzi wanakunywa. Kuna chuma kimoja kikubwa hata sijui kilikuwa cha nini, mimea imekimeza, kinabaki kimetoa kiwiko tu nje. Ukikipiga picha jioni jua linapozama utapata moyo elfu moja kwenye simu yako. Ila ukisogea mbele kidogo utakuta wachimbaji wadogo na sururu na karai, wanaosha mchanga kutafuta mawe meusi mazito. Kwao pale hapajawahi kuwa magofu. Ni kazini.

Na kuna kitu nilikuja kukijua ukubwani kikanishangaza. Karibu nusu ya bati yote inayotumika duniani inaishia kwenye risasi ya kuchomea, ile waya laini ambayo fundi simu anaiyeyusha kuunganisha vidude kwenye saketi. Wengine wanaiita lehemu. Yaani hiyo simu unayosomea hapa, ile sola juu ya paa, redio ya babu yako, vyote vimeshikwa pamoja na bati. Huenda kuna kipande cha kilima cha Kyerwa kilienda zake Asia kikarudi kwa bibi kikiwa ndani ya kisanduku cha sola. Kwa hiyo mashine mpya na shimo la zamani ni ndugu wa damu.

Sasa picha nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, iko mtoni. Pale Murongo kwetu, ng'ambo yake panaitwa Kikagati, Uganda. Enzi za mkoloni palijengwa kituo kidogo cha umeme wa maji upande ule, umeme wake ukaenda kwenye machimbo ya bati. Vita ya 1979 ikakiharibu. Kikabaki gofu kwa miaka zaidi ya 30, mto unapita pembeni yake bila kazi. Leo hapo pana kituo kipya, megawati 14, na makubaliano ni kwamba umeme unagawanywa nusu kwa nusu, nusu Uganda, nusu Tanzania. Mto ule ule. Nchi zile zile mbili. Sehemu ambayo bibi aliogopa kuwasha moto kwa sababu ya wanaume waliokuwa ng'ambo, sasa maji yanawasha taa pande zote mbili. Mimi nilipokwenda nikasimama kwenye ukingo nikasikia kishindo cha yale maji nikajisemea, hii ndo inatakiwa ichorwe.

Ila hii haikutokea yenyewe. Hamna mmea uliotambaa ukaunganisha nyaya. Watu walikaa wakabishana, wakasaini, wakabeba zege. Ndo maana lile neno "asili imeshinda" linanipa shida. Asili ilikuwa na miaka 30 pale na haikuwasha hata balbu moja.

Sasa niwapeleke kwa bibi.

Kwa bibi umeme wa nguzo bado. Nguzo zimefika senta, kwake ni pembeni kidogo, kwa hiyo anatumia sola. Paneli moja juu ya bati, betri moja chini ya kitanda, balbu tatu na sehemu ya kuchajia simu. Jioni watoto wa jirani wanakuja kufanya hesabu za shule pale sebuleni, na simu za nusu ya kitongoji zinalala kwake. Nje migomba, chini ya migomba maharage na mibuni, kuku wanapita. Ukija na kamera utasema nimekutengenezea seti ya filamu.

Na ndani, kwenye kona, ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe, kuna cherehani ya kukanyaga na miguu.

Ile cherehani ilikuwa ya mama yangu mdogo. Alikuwa fundi nguo, tena yule wa kusifiwa, akishona sketi mtu anaenda nayo kanisani wiki tatu mfululizo. Alifariki mwaka ambao mimi nilikuwa natambaa. Wakati ule ukisema mtu "ameumwa muda mrefu" kila mtu anaelewa, hamna anayeuliza tena. Aliacha watoto wawili. Bibi akawachukua, kama alivyowachukua wa kaka yake mkubwa, na mimi nikiwemo baadaye kwa sababu zangu nyingine. Tulikuwa saba kwenye ile nyumba. Cherehani haikuguswa. Kila Jumamosi bibi anaipangusa vumbi, anarudishia kitambaa. Tukiwa wadogo ukiweka daftari juu yake unachapwa.

Mwaka jana nikiwa nyumbani akaja kijana wa vyuma chakavu, na baiskeli na mzani wake wa kuning'iniza. Kijana mstaarabu tu, wala sina neno naye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo bibi. Nimeambiwa kuna chuma humu ndani kimekaa tu."

Bibi akamwangalia. Akamkaribisha maji ya kunywa kwanza. Halafu akamwambia, "Humu ndani kinachokaa tu ni mimi. Hicho kingine kina mwenyewe."

Yule kijana akaelewa, akaomba radhi, akaondoka na sufuria mbili zilizotoboka na jembe moja lililovunjika. Ila baada ya hapo bibi akakaa kimya muda mrefu sana. Usiku, balbu ya sola inawaka, akaniambia, "Mjukuu wangu, nimeitunza miaka yote hii kama kaburi. Na kaburi lake lipo kule shambani. Sasa nina makaburi mawili ya nini?"

Kesho yake akamwita binamu yangu, yule wa mwisho, mtoto wa marehemu. Alikuwa mtoto mchanga mama yake anafariki, sasa ni dada mkubwa. Akamwambia, "Njoo uchukue kitu cha mama yako."

Tukamwita fundi.

Huyu fundi naye ni wa kusimuliwa. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, hana kibao, hana fremu ya duka, ana kibanda na meza na mafuta ya taa na makopo yamejaa skrubu. Ametengeneza redio kabla hajatengeneza simu, na simu kabla hajatengeneza sola. Ana msemo mmoja anaurudia kila siku: "Kitu kisicho na skrubu, mwenyewe hajakuuzia." Aliifungua ile cherehani nje juu ya mkeka, kipande kwa kipande, akapangusa, akatia mafuta. Kilichokufa kilikuwa mkanda wa ngozi na sindano. Basi. Miaka yote ile, mkanda na sindano.

Binamu akakanyaga. Ile sauti, wadau. Bibi alikuwa anamenya ndizi jikoni, akaacha kisu, akaja mpaka mlangoni, akasimama. Hakusema neno. Akarudi kumenya ndizi.

Mimi pale nikaelewa kitu ambacho hizo picha hazikuambii. Kila mashine iliyoachwa kuna mtu aliyeiacha, na kuirudisha kazini kunahitaji vitu viwili: mwenyewe akubali, na awepo mtu anayejua kuifungua. Cherehani ya miaka mingi ilikuwa nayo yote mawili. Sasa subirini niwaambie kuhusu ile ambayo haikuwa nayo.

Shangazi yangu alikopa sola ya kulipia kwa simu. Mnazijua. Unalipa kidogo kidogo, ukilipa unapewa namba, unaiingiza kwenye kisanduku, kinakufungulia siku kadhaa. Siku zikiisha kinajifunga, hata jua liwake vipi. Ukimaliza deni kinafunguka moja kwa moja na ni chako. Mpango mzuri, sikatai, umewasha taa nyumba nyingi ambazo benki isingeziangalia hata usoni. Shangazi alilipa karibu miaka mitatu, akabakiza miezi miwili. Halafu ofisi ya ile kampuni mjini ikafungwa, namba za huduma kwa wateja hazipokelewi. Pesa anayo, wa kumpa hayupo. Siku zikaisha, kisanduku kikajifunga.

Hebu fikirieni. Jua lipo. Paneli ipo juu ya nyumba, nzima. Betri imejaa. Na mama wa watu amekaa gizani kwa sababu kisanduku kinasubiri namba kutoka kwa mtu ambaye hayupo. Lile roboti la Miyazaki angalau lilikuwa linamwagilia maua. Hili limebaki kulinda mlango wa mtu aliyekwisha hama.

Fundi akaenda kuangalia. Kisanduku hakina skrubu, kimegundishwa. Akasema hiki niacheni nacho, kitatusumbua, ila juu ya paa kuna mali. Paneli ya sola inaweza kufanya kazi miaka 20, hata 25, nguvu inapungua kidogo kidogo tu kila mwaka. Kinachokufa mapema ni betri na hivi vidude vya kielektroniki. Akamwambia shangazi anunue betri ya kawaida na chaji kontrola ya kawaida, ile yenye skrubu nne. Ile kontrola kazi yake ni kuzuia betri isijae kupita kiasi na isikaushwe kabisa, maana betri ya asidi ukiinyonya chini ya nusu kila siku unaiua kabla ya wakati. Shangazi akauza debe la maharage, wakafunga. Taa zikawaka. Kisanduku cha kampuni kiko mpaka leo juu ya kabati, shangazi amekiwekea ua la plastiki juu yake.

Si utani tu huu. Tunapenda kuongea kana kwamba mashine mbaya ni zile za zamani, za moshi, na sola ndo ukombozi. Lakini magofu ya kesho yameshafungwa juu ya mapaa yetu leo. Swali ni kama tutaweza kuyafungua.

Na si kila suluhisho linahitaji waya. Karagwe kuna shirika la wakulima linaitwa MAVUNO. Wao pamoja na wahandisi wa Ujerumani walijaribu mambo ambayo ukiyasikia kwanza utacheka. Choo kinachotenganisha mkojo na kinyesi. Kinyesi kinapashwa moto hadi vijidudu vife, moto unatoka kwenye majiko yanayobakiza mkaa, halafu vinachanganywa na mkaa huo na mabaki ya jikoni, vinakuwa mbolea. Walipopanda mahindi, shamba lenye mbolea ile lilizaa kuliko lile ambalo halikuwekwa kitu. Na hayo majiko yanapika ndizi kwa kuni kidogo, kwenye vilima vilivyokwisha nyolewa mara moja. Hamna anayechora choo kwenye zile picha za solapanki. Ila bila choo, ile bustani nzuri utairutubisha na nini?

Sasa nifike kwenye kinachoninyima usingizi.

Kwenye kibanda cha fundi, nyuma, kulikuwa na betri kumi na moja zilizokufa. Betri ya asidi ndani yake ni risasi, siyo ile ya kuchomea, namaanisha madini ya risasi, sumu kabisa, hasa kwa watoto. Chini ya kibanda kuna mteremko, na mwisho wa mteremko kuna chemchemi ambayo kitongoji kizima kinachota maji. Wanunuzi wa chakavu wanazitaka betri, ila hawataki uzito wa maji yake, kwa hiyo baadhi yao wanamwaga asidi pale pale chini kabla ya kupima. Fundi alikuwa anawakatalia. Lakini fundi macho yameanza kumsaliti. Skrubu ndogo haioni tena, anaomba watoto wamshikie tochi. Siku akifunga kibanda, nani atawakatalia?

Binamu yangu, yule wa cherehani, alikuwa anaenda pale kushika tochi. Baadaye akawa anashika bisibisi. Wajomba wakaanza kuuliza mtoto wa kike anafanya nini kwa fundi, kwa nini asiende Dar akatafute kazi kwenye mgahawa kama wenzake. Mmoja alishamtafutia nauli kabisa. Kulikuwa na kikao cha familia, kirefu, chai ikapoa. Bibi aliwaacha wote waongee. Mwisho akauliza swali moja tu: "Akienda, taa yangu ikizima nimwite nani kati yenu?" Kimya. Nauli ikarudishwa mfukoni.

Kilichofuata hata mimi sikukitegemea. Huyo huyo binamu alisimama kwenye mkutano wa kitongoji, mbele ya wazee, sauti inatetemeka kabisa, akasema betri zisimwagwe tena juu ya chemchemi. Kukawa na mabishano. Mzee mmoja akasema huo ni uchafu mdogo tu, tumeona makubwa. Na kweli wameona makubwa. Mwingine akasema vijana wa chakavu nao wanatafuta riziki, tusiwafukuze. Wakajadili kama saa mbili hivi. Wakakubaliana hivi: betri inauzwa na maji yake ndani au haiuzwi, na zinazosubiri zitawekwa sehemu moja yenye sakafu ya saruji na paa, mbali na mteremko. Anayemwaga analipa faini ya kitongoji. Kila nyumba ikatoa kitu, wengine mchanga, wengine nguvu. Bati la kuezekea alitoa bibi.

Hicho kibanda cha betri ni kibaya jamani, sitawadanganya. Ukikipiga picha hupati moyo hata mmoja. Kiko pale, na watoto wanateka maji chini yake.

Ndo maana mimi naona kile kinachovutia watu kwenye hizo picha, ule utulivu, wanakitafuta mahali ambapo hakipo. Wanadhani utulivu unakuja kwa sababu mashine zimenyamaza na watu wamepungua. Sisi watu walipopungua hatukutulia, tulikuwa na njaa na tulikuwa na woga. Utulivu ulikuja polepole, ulipopatikana mtu wa kulea watoto saba, mtu wa kujua skrubu, na mtu wa kusimama mkutanoni sauti ikimtetemeka. Paneli zilifuata baadaye.

Kwa hiyo wewe kijana mwenzangu uliyeko Dar, Mwanza, Nairobi, popote, unayetamani hayo maisha: huna haja ya kusubiri dunia iishe. Ulizia nyumbani kwenu kuna mashine gani imekaa, na ilikuwa ya nani. Kabla hujanunua kitu cha sola muulize muuzaji, kikifa betri naibadilishaje, na kampuni ikifunga nafanyaje. Akibabaika, rudisha pesa mfukoni. Na kama mtaani kwenu kuna fundi mzee, nenda kamshikie tochi. Hata Jumamosi moja.

Binamu sasa hivi ana kazi mbili. Mchana yuko kwa fundi. Usiku, kwa taa ya bibi, anashona sare za shule. Januari iliyopita alishona za watoto kumi na wanne, na bado kuna mzazi mmoja hajamlipa, na anajijua.

Kwenu je, kuna chuma gani kimekaa kwenye kona kimefunikwa kitambaa? Niambieni hapo chini. Nasoma zote.